Nakala ya Kwanza Hailali Kwetu

Nyumba yetu ya vitabu ipo Ujiji, na ina sheria mbili tu. Ya kwanza: nakala ya kwanza ya kitabu hailali kwetu. Ikishashonwa na kuvikwa jalada, mmoja wa familia anaibeba siku hiyohiyo mpaka mikononi mwa aliyekiandika, kabla jua halijazama. Haipewi dereva, wala haiachiwi jirani anayeelekea huko. Ya pili: kitabu chenye kasoro hakitoki mlangoni. Nimekua chini ya sheria hizi, na kwa miaka mingi sikuwahi kufikiri kwamba siku moja zingeweza kugombana, na zikagombania mapajani mwangu, ndani ya boti.

Zote mbili ni za babu. Babu hakuanza kama mchapishaji. Alikuwa mshonaji wa juzuu za Kurani. Watu walimletea vitabu vya chuoni vilivyochakaa na vijitabu vya maulidi vilivyotafunwa na mchwa, akavifumua, akavishona upya kwa uzi uliopakwa nta. Baadaye alinunua mashine ya kuchapa ya kuzungushwa kwa mkono, akaanza kutoa vitabu vyake mwenyewe. Kitabu chake cha kwanza cha herufi za kirumi kilikuwa cha kusomea, cha watoto wa shule. Alikichapa vizuri, kisha akakishona kama mikono yake ilivyozoea: mgongo kulia, kufunguliwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama juzuu. Nakala zote. Aligundua vitabu vikiwa vimeshafika mashuleni. Akapanda baiskeli akavikusanya kimoja kimoja, Ujiji, Simbo na kwingineko alikovipeleka, akavirudisha nyumbani na kuvifumua; ndipo ilipozaliwa sheria ya pili. Habari hiyo haikutajwa mbele ya wageni. Sisi wajukuu tuliijua kwa sababu bibi aliitoa kila alipotaka kushinda ugomvi.

Sheria ya kwanza ilizaliwa na mvua. Mzee mmoja wa mtaa wa pili aliandika kitabu cha dawa za miti. Nakala ilikamilika mchana, mvua ikawa inanyesha, babu akasema kesho. Mzee yule hakuifikia kesho. Babu alikipeleka kitabu kwa mjane, na mjane akakiweka juu ya mkeka bila kukifungua, akasema aliyekuwa akikingoja hayupo. Babu alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine, ndivyo baba asemavyo. Tangu hapo, mvua, msiba, njaa, hakuna kilichozuia nakala ya kwanza kuondoka.

Baba aliipokea nyumba na sheria zake. Chini yake tulitoa hadithi za Kiha, vitabu vya watoto, vya kilimo cha michikichi, hata nyimbo za kanisa. Baba yangu ni Mwislamu anayezijua nyimbo za kanisa kuliko baadhi ya wanakwaya, kwa sababu amezisahihisha herufi kwa herufi. Nakala za kwanza alizibeba mwenyewe. Kagunga alikwenda kwa boti akitapika njia nzima. Simbo alikwenda kwa baiskeli iliyokatika mnyororo, akaisukuma mpaka kwa mwandishi, na mwandishi akamlaumu kwa kuchelewa.

Siku hizi watu husoma kwenye simu, na anayetaka vitabu vingi kwa haraka huvichapisha Dar es Salaam. Sisi tumebaki na waandishi wa huku, watu ambao Dar haiwajui. Mimi ndiye ninayepanga kurasa kwenye kompyuta. Baba anasahihisha na kuendesha mashine. Shangazi, dada yake mkubwa, ndiye anayeshona, na ameshona tangu angali msichana miguuni kwa babu. Ana mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, na hataki kusikia habari za hospitali. Anasema vidole vyake havijapata mtoto wa jicho. Mimi si mtu wa subira, na nimegombana naye juu ya hayo macho zaidi ya ninavyoweza kukumbuka.

Sasa niseme habari za Mwalimu. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Mwamgongo, kule kaskazini ya Gombe ambako hakuna njia ila ya maji. Alituletea kumbukumbu zake za kufundisha shule za ufukweni, zimeandikwa kwa mkono uliosimama wima kama wanafunzi wa paredi. Sote tuliufurahia mswada isipokuwa baba, aliyegomea sehemu ya mwisho. Sehemu hiyo haikuhusu shule. Ilimhusu marehemu mke wake, na jinsi alivyokuwa akimsimamisha mlangoni kila jioni, akamkung'uta vumbi la chaki mabegani kabla ya kumruhusu aingie ndani. Baba alisema kitabu cha walimu hakihitaji mambo ya nyumbani. Nilimwambia hiyo ndiyo sehemu pekee ambayo mtu angeisoma mara mbili. Tulinuniana wiki nzima. Mwishowe baba akachoka, sehemu ikabaki, na ikawa fungu la saba.

Neno fungu nilieleze. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa huchapwa pande zote mbili, ikakunjwa na kukunjwa mpaka ikawa kijitabu cha kurasa kumi na sita. Hicho ndicho sisi tunachokiita fungu. Mafungu hupangwa moja juu ya jingine kwa zamu yake, yakashonwa mgongoni kwa pamoja. Kitabu cha Mwalimu kilikuwa na mafungu saba.

Tulikuwa tumeshamaliza kuchapa na kukunja binti yake aliponipigia simu. Alisema baba yake moyo umedhoofu, miguu imevimba, na amekataa kurudi hospitali ya mkoa. "Dada, anauliza kitabu kila siku asubuhi," alisema. "Kama mnakuja, njooni."

Asubuhi ya pili yake nyumba yetu haikukalika. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na kwa wiki kadhaa shangazi alikuwa hashoni chochote ila juzuu za watoto wa chuo, marundo kwa marundo. Umeme ulikuwa umekatika. Baba alisimama juu ya kichwa chake akimhimiza, boti za Kibirizi hazimngoji mtu, na shangazi akamjibu kwamba kama ana haraka ashone yeye. Mimi nilikuwa natafuta jaketi la kuokolea huku nikiwapigia kelele wote wawili wanyamaze. Katikati ya zogo hilo shangazi aliyapapasa mafungu, akayapanga, akayashona, akabandika jalada, akakizungushia kitabu kitambaa cheupe na kukifunga fundo. Hiyo ndiyo desturi yetu. Mshonaji hufunga, na wa kufungua ni mwandishi, si mwingine.

"Umekikagua?" baba alimuuliza.

"Nimeanza kazi hii wewe ukiwa unanyonya," shangazi alisema.

Baba akaenda kunifungulia mlango. Nikachukua kifurushi, nikapanda pikipiki kwenda Kibirizi.

Ziwa siku hiyo halikuwa na furaha. Siku hizi maji yamepanda, yamekula sehemu ambazo zamani tulikuwa tukianika dagaa, na mahali pa kupandia boti huhamahama. Tulipakiwa na magunia ya unga wa muhogo, madumu matupu ya mawese, kuku, na mama mmoja aliyebeba godoro ambalo kila mtu alilikalia bila kumwomba ruhusa. Upepo ulianza tulipoacha mji. Mawimbi yakawa yanatupiga ubavuni, nahodha akapunguza mwendo, na wale waliokuwa wakizungumza wakanyamaza. Nilikikumbatia kifurushi ndani ya jaketi. Nilimwogopa Mungu na nililiogopa ziwa, ila zaidi niliogopa kufika nikapokewa na vilio.

Wimbi moja lilivuka ubao likatumwagikia. Kitambaa kililoa. Nilijua sina haki ya kukifungua, lakini maji yakiingia kwenye karatasi hayatoki, nami sikuwa tayari kumpelekea mgonjwa uji wa karatasi. Nikafungua fundo kwa meno.

Ndani palikuwa pakavu. Nikashusha pumzi, nikakigeuza ili nione jalada. Jina la kitabu lilikuwa juu, limesimama sawa. Mgongo ulikuwa upande wa kulia.

Nilikitazama nikidhani nimekishika vibaya. Nikafungua jalada, na badala ya ukurasa wa kwanza nikakutana na ukurasa wa kumi na sita. Nikakipindua, nikakianza kwa upande mwingine, kama watu wanavyofungua vitabu. Kilianza na ukurasa wa tisini na saba, fungu la saba, mke wa Mwalimu mlangoni. Fungu la kwanza lilikuwa nyuma kabisa. Shangazi alikuwa amempangia Mwalimu juzuu.

Nilikasirika mpaka nikasahau mawimbi. Nilimkasirikia shangazi na macho yake, nikamkasirikia baba na haraka zake, nikajikasirikia mimi niliyekuwa nafoka juu ya jaketi badala ya kutazama mkeka ulio mbele yangu. Kisha hasira ikaisha ikabaki hofu. Nikiendelea, nimetoa kitabu chenye kasoro mlangoni. Nikiteremka Mwamgongo na kupanda boti ya kurudi, nakala italala kwetu, na huenda mwenyewe asiione. Babu alitunga sheria zote mbili, na hakuna aliyemuuliza ifanyweje zikigongana.

Mama wa godoro aliniangalia. "Kimelowa?"

"Hakikulowa."

"Sasa mbona unalia?"

Sikujua kama nalia. Nilijifuta uso, nikafunga kitambaa upya, na fundo langu halikufanana na la shangazi hata kidogo.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa juu kidogo ya ufukwe. Sikusikia vilio. Binti yake alinipokea kwa macho ya mtu asiyelala, akaniingiza chumba cha mbele, ambako kitanda kilikuwa kimesogezwa dirishani. Mwalimu alikuwa ameegemezwa kwenye mito mingi. Alikuwa amekonda, shati lake likiwa limefungwa vifungo mpaka shingoni kama anakwenda darasani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa."

Nilijiandaa kumweleza habari yote kabla hajakigusa. Maneno niliyapanga tangu botini. Lakini alishanyoosha mikono, na mtu hawezi kumnyima mgonjwa mikono yake. Nikampa. Alifungua fundo polepole, akakunjua kitambaa, akapitisha kiganja juu ya jalada, kisha kidole gumba kikashuka pembeni kutafuta mgongo. Hakikuupata. Kikavuka kwenda upande wa pili, kikaukuta huko.

Binti yake alinitazama.

"Hiki," Mwalimu alisema, "ni cha babu yako."

"Mwalimu, nisamehe. Shangazi macho yake—"

"Nimesema ni cha babu yako." Alikuwa anapumua kwa shida kati ya maneno. "Nilikuwa mtoto, nasoma huko Ujiji. Tukapewa kitabu kama hiki, mgongo huku. Sisi tulikuwa tumeshakizoea. Unakigeuza tu. Siku moja babu yako akaja na baiskeli, akatunyang'anya vyote. Alisema atavirudisha."

"Alivirudisha," nilisema haraka. Huo ndio mwisho wa hadithi kama tulivyoisikia sisi.

"Alivirudisha mwaka mwingine. Mimi nilikuwa nimeshaacha shule, baba alikuwa hana ada. Kilirudi kikasomwa na wengine."

Miaka yote, sisi kwa sisi, tulikuwa tukiisimulia safari ile ya baiskeli kwa majivuno, kwamba huyo ndiye babu, mtu asiyekubali kasoro. Hakuna aliyetusimulia kutoka upande wa dawati. Nilimwambia nitakirudisha Ujiji kesho alfajiri, kitashonwa upya, keshokutwa kitakuwa hapa. Hata nilipokuwa nasema nilisikia kwamba nasema maneno ya babu.

"Hukichukui," alisema. "Kama kina kosa, kisahihishe hapahapa mbele yangu. Mwanafunzi hupewa masahihisho nyumbani? Kaa chini."

"Tata, upumzike," binti yake alimwambia.

"Nitapumzika. Mtafutie sindano."

Haikupatikana sindano ya vitabu, na ingetoka wapi? Ilipatikana shazia, ile ya kushonea magunia, na uzi wa nyavu. Nilikaa kwenye mkeka kando ya kitanda chake, nikabandua jalada na kukata mishono ya shangazi kwa wembe. Mishono ilikuwa mizuri, imelingana yote, na kuikata ilikuwa kama kumjibu jeuri mtu mzima. Mafungu yalipoachana niliyaweka kitandani, karibu na mkono wake, nikitaka niyapange kwa zamu. Mwalimu akaweka kiganja juu yake.

"Nisome kwanza. Nikimaliza moja nakupa, unashona."

Nilitazama dirishani. Jua lilikuwa limeshaanza kuinamia milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Kitabu kilikuwa vipande kitandani kwa mgonjwa, na mimi nilikuwa na shazia mkononi kama mshona magunia. Nilitamani kumwambia tushone kwanza, atasoma baadaye. Lakini neno hilo, baadaye, lilikuwa halisemeki mle chumbani.

Hakusoma yote. Alisoma kama mwalimu mwenye rundo la madaftari, mwanzo wa ukurasa, mwisho wa ukurasa, hapa na pale anasimama, anacheka kwa pua, au anatikisa kichwa. Fungu la kwanza akanipa. Nikalitoboa mgongoni, nikapitisha uzi. Uzi wa nyavu ni mtelezi, haukamati kama uzi wetu wenye nta, kila mshono ukataka mafundo mawili. Sikuwa nimeshona kitabu tangu nilipokuwa msichana. Nilijaribu kukumbuka vidole vya shangazi, wapi vinaingia, wapi vinavuta, na kila nilipofikiri sana nilikosea, nilipoacha kufikiri vidole vilikwenda vyenyewe. Hapo ndipo niliponywea. Vidole vyangu vilitaka kuweka fungu la pili upande wa juzuu. Nililirudisha mara mbili. Nilijichoma, nikafuta damu kwenye kanga yangu isiguse karatasi.

Fungu la tatu alilisoma muda mrefu. Aliposhusha mikono nilidhani amelala, kisha nikaogopa si usingizi. Binti yake akamwinamia. "Tata?" Akafungua macho. "Hapa mmeruka mstari," akasema, akanipa. Mstari haukuwa umerukwa. Sikumbishia.

La nne. La tano. Pumzi yake ilikuwa ikisikika sasa, na binti yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akimshika mkono usioshika karatasi. Mwanga wa dirishani ulikuwa umegeuka wa rangi ya mawese. Nilishona haraka kuliko alivyosoma, kisha nikakaa nikingoja mkono wake ushuke, shazia imesimama hewani. Sijawahi kuwa na haraka kama ile, wala sijawahi kukosa kabisa la kufanya juu yake.

Fungu la sita lilikuja. Nikalifunga na mengine, nikavuta, nikakaza. Yalikuwa yamekaa sawa, mgongo kushoto. Likabaki moja. Jua lilikuwa limegusa milima.

Mwalimu alilisoma fungu la saba lote. Hakuruka ukurasa. Midomo yake ilikuwa ikienda. Nilijua kila sentensi iliyomo, kwa kuwa niliigombania na baba, na niliweza kuona amefika wapi kwa jinsi uso wake unavyobadilika. Alipofika pale mlangoni, pa vumbi la chaki, aliuchomoa mkono kutoka kwa binti yake akajipangusa bega, mara moja tu, kama mtu anayeondoa kitu. Kisha akaendelea mpaka mwisho. Kisha akarudi mwanzo wa fungu.

Nilinyoosha mkono. "Mwalimu, bado hilo."

"Hili usishone."

"Kitabu hakijakamilika, Mwalimu. Jua linazama."

"Nimeliona jua." Alilikunja fungu, akafungua kifungo cha mfuko wa shati, akaliingiza. Halikuenea vizuri, nusu ilibaki nje. "Ulikuja kunipa kitabu. Umenipa. Yavishe hayo mengine jalada lake, nikiweke chini ya mto."

Nikayavisha jalada. Mikononi mwangu kilikuwa kitabu kilichoshonwa kwa uzi wa nyavu, kimepungukiwa na mwisho wake, na nilimpa. Alikipapasa, gumba lake likaukuta mgongo upande wake. "Sawasawa," akasema. Baadaye aliniuliza kama mzee wangu bado anaringa, nikamwambia bado, akacheka mpaka binti yake akamzuia. Nililala hapo, nikarudi na boti ya asubuhi.

Nyumbani walikuwa wananingoja kibarazani wote wawili. Baba aliuliza neno moja tu, alikiona? Nikasema alikiona. Shangazi akauliza, alikifungua vizuri? Nikasema alikifungua. Hakuna uongo hapo, na hata hivyo sikuweza kumtazama. Baada ya hapo kila alipotaka kupanga mafungu ya nakala nyingine nilimwahi, nikayapanga mimi, nikimwachia kushona tu. Alinitazama kwa macho yake yenye ukungu. "Tangu lini umekuwa mwema?" aliniuliza.

Mwalimu alifariki kabla mfungo haujaanza. Tulikwenda kuzika, mimi na baba. Shangazi hakuja kwa sababu ya boti.

Siku zilipita. Adhuhuri moja binti wa Mwalimu alitokea kwetu na kile kitabu ndani ya kile kitambaa. Alisema ndugu zake wamekiona hakina mwisho, wakamtuma kikamilishwe. Kabla sijainuka, shangazi alikuwa ameshakipokea. Alikifungua mapajani. Vidole vyake vikashuka mgongoni, vikapita juu ya mafundo ya uzi wa nyavu, fundo baada ya fundo.

"Huu si mshono wangu."

Nikasema ni wangu.

"Na wangu uko wapi?"

Baba aliinua kichwa kutoka kwenye mashine. Nikawaeleza yote, tangu wimbi mpaka shazia, na safari ya babu kama ilivyoonekana kutoka kwenye dawati. Nilieleza kwa sauti ndogo, nikitazama sakafu. Nilipomaliza, shangazi alikuwa analia bila sauti. "Nimeona haya," alisema. "Nimeona haya sana. Mngeniambia." Baba hakumsuta. Nilimngojea amsute, nikawa nimeshaandaa maneno ya kumkinga, na hayakuhitajika. Alikwenda kumwekea maji ya kunywa. Tangu siku ile shangazi hufunga uzi mwekundu kwenye mkono wake wa kushoto kabla ya kugusa kitabu cha herufi za kirumi, na mwezi uliofuata alinikubalia kwenda kuonwa macho.

"Fungu la saba lipo," nilimwambia mgeni. "Ni kushona tu. Lile lake mwenyewe liko wapi?"

"Alikuwa nalo mfukoni," alisema. "Tulipomvisha shati lile kwa kuzikwa hatukulitoa."

Shangazi alikuwa ameshashika sindano. Akairudisha kwenye pamba yake.

"Basi nitakiacha," binti wa Mwalimu alisema. "Mkishaliweka nitakifuata wiki ijayo, nina haraka ya boti."

Baba akaja akiwa anafuta wino mikononi. Huyu ndiye mtu aliyewahi kunirudishia kitabu kizima kwa sababu ya ukurasa mmoja uliopinda. Alikichukua kutoka kwa shangazi, akakifungua mwisho, pale mafungu sita yanapoishia na jalada kuanza, akapitisha kidole kwenye nafasi iliyobaki. Akakifunga, akakizungushia kitambaa cheupe, na kwa kuwa yeye si mshonaji, fundo lilimshinda mara ya kwanza, akalirudia.

"Hicho hakilali hapa," alisema.

Akampa mkononi. Akamsindikiza hadi barabarani, akamtafutia pikipiki ya Kibirizi, akasimama pale mpaka ilipokata kona.